Asilale Mtu: Wimbo wa Ushindi na Jina la Mgeni



Kuna wimbo wa Kitaliano ambao karibu kila mmoja wetu hapa Midrand ameusikia, hata kama hajui unaitwaje. Huwekwa harusini bwana na bibi harusi wanapoingia ukumbini. Huwekwa kabla ya mechi kubwa za mpira, na kwenye matangazo ya biashara ambayo hayana uhusiano wowote na Italia wala na muziki. Mwanamume anaanza kwa upole, kama mtu anayesema peke yake gizani. Sauti inapanda kidogo kidogo, mwishoni inafika juu kabisa na kusimama pale, na vinyweleo vinamsimama hata yule ambaye siku zote husema opera ni makelele. Jina lake ni Nessun dorma, yaani asilale mtu, na umo katika opera ya Turandot ya Giacomo Puccini.

Katika mazungumzo yetu ya Jumapili wimbo huu umezua ubishi ambao haujaisha, na tumeona tuulete kwenye kurasa hizi ili ninyi wenzetu mlioko London, Toronto, Muscat na kwingineko mtie neno. Ubishi ni huu: je, yafaa mtu aufurahie wimbo wa ushindi bila kuuliza ni nani aliyeugharamia ushindi huo? Wapo kati yetu wanaosema muziki ni muziki, utamu wake hauna deni kwa mtu. Wapo wanaosema la. Sisi tunaoandika tuko upande wa pili, na tutaeleza kwa nini, ingawa tunakiri kwamba wa upande wa kwanza hawakuishiwa hoja.

Kwanza kisa chenyewe, kwa wale ambao hawakijui. Turandot, binti wa mfalme wa Peking, hataki kuolewa. Kila mchumba hupewa vitendawili vitatu, na akishindwa kimoja hukatwa kichwa. Anatokea mgeni asiyejulikana jina wala kwao, anavitegua vyote vitatu. Binti anashikwa na hofu na kukataa. Mgeni, badala ya kudai haki yake, anampa naye kitendawili: ukilijua jina langu kabla ya mapambazuko, nichukue kichwa changu. Ndipo Turandot anapotoa amri kwamba usiku huo mtu yeyote asilale mjini, jina litafutwe nyumba kwa nyumba, na lisipopatikana watu watauawa. Mgeni amesimama bustanini, anaisikia mbiu ikipigwa kwa mbali, anayachukua maneno yale yale ya mbiu na kuyafanya mwanzo wa wimbo wake. Anaimba kwamba siri iko moyoni mwake na kwamba alfajiri atashinda.

Tuongeze kitu kidogo kwa faida ya wasomaji wetu wa Unguja na Omani. Kisa hiki hakikuzaliwa Italia. Kilitoka Uajemi, kikapita Ufaransa, kikaandikwa kuwa tamthilia na Carlo Gozzi wa Venice mwaka 1762, na mgeni anaitwa Calaf, ambaye kwa masikio yetu ni Khalaf. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Khalaf tunamjua, na hadithi za binti sultani na vitendawili tumezisikia kwa bibi zetu.

Sasa tuje kwenye muziki, maana ubishi wetu hauwezi kueleweka bila kuzungumzia mambo matatu: mwendo, ufunguo na hali ya wimbo. Mwendo ni kasi yake. Ufunguo ni ile noti ambayo wimbo umeifanya nyumbani. Walioimba kwaya wanakumbuka mwalimu akigonga noti na kusema "Doh ni G" kabla hawajafumbua vinywa. Hali ni kile kinachobaki moyoni: huzuni, raha, hofu, kiburi. Watu hudhani hali hutoka kwenye maneno. Hutoka huko pia, lakini mara nyingi mwendo na ufunguo humfikia msikilizaji kwanza, na maneno yakija yanakuta kiti kimekwisha kukaliwa.

Walioishi zama za santuri waliliona hili kwa macho. Kampuni ya Gramophone ilimrekodi Enrico Caruso huko Milan mwezi Aprili mwaka 1902, na kampuni hiyo hiyo ilimchukua Siti binti Saad wetu hadi Bombay mwaka 1928. Santuri za zamani hazikuwa na kasi moja. Tumezoea kuziita za mizunguko 78 kwa dakika, lakini nyingine zilirekodiwa kwa mizunguko pungufu, nyingine zaidi. Ukiipunguzia santuri mizunguko minne na nusu hivi, wimbo wote unashuka nusu sauti, ukiiongezea, unapanda. Na haushuki ufunguo peke yake. Mwendo nao unapungua, sauti ya kijana inageuka ya mtu mzima, wimbo wa furaha unaingiwa na uzito. Ndiyo maana wanaozihifadhi santuri za Caruso huanza kwa kuuliza aria iliandikwa katika ufunguo gani, kisha hurekebisha mashine mpaka ufunguo huo upatikane, ndipo waamini kwamba wanamsikia Caruso mwenyewe. Kidole kwenye sahani kinatosha kukupa mtu mwingine.

Turudi Peking. Rekodi ya Nessun dorma ambayo wengi wetu tunayo ni ya mwaka 1972, iliyofanywa London na Luciano Pavarotti pamoja na okestra ya London Philharmonic, kiongozi wake akiwa Zubin Mehta. Pavarotti alikuwa hajafikisha miaka 37. Haikuvuma sana mpaka mwaka 1990, BBC ilipoifanya wimbo wa matangazo yake ya Kombe la Dunia kule Italia, ikapanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zinazouzwa Uingereza. Sisi tuliokuwa Tanzania Bara wakati ule hatukuiona, kwa sababu hatukuwa na televisheni. Unguja walikuwa nayo tangu miaka ya sabini na hawakuacha kutukumbusha. Kombe lile tunalikumbuka kwa redio, kwa Roger Milla na kwa Cameroon kuwafunga Argentina wakiwa uwanjani watu tisa. Wimbo ulitufikia baadaye, kwa kanda za Wale Tenori Watatu, na wengine wetu tuliukuta huku huku Afrika Kusini.

Mwendo wake ni wa mtu anayetembea bila haraka. Puccini aliandika Andante sostenuto, yaani mwendo wa miguu, unaoshikiliwa. Ufunguo unaanzia G meja, na pale moyo unapofunguka unahamia D meja na kubaki huko. Kwa lugha ya kwaya, ile iliyokuwa soh inakuwa doh. Nyumba imehamishwa, na iliyokuwa ngazi ya tano ndiyo sasa sakafu.

Wanaoishi Afrika Kusini wanaijua hatua hii kuliko wanavyodhani, maana wimbo wa taifa wa nchi hii unapiga hatua hiyo hiyo, kutoka G kwenda D. Sehemu ya kwanza ni mahadhi ya Enoch Sontonga ya mwaka 1897, ambayo Watanzania tunayaimba kama Mungu Ibariki Afrika. Sehemu inayofuata ni Die Stem, uliokuwa wimbo wa taifa wa utawala wa makaburu. Kati ya mwaka 1994 na 1997 nyimbo mbili zilipigwa moja baada ya nyingine, kisha zikafupishwa na kuunganishwa. Watoto wetu wanaosoma shule za hapa Midrand huimba sehemu ya kwanza kwa sauti kubwa, wakijua ni ya kwao, halafu ufunguo unapohama wengine huzubaa. Mtoto mmoja wa Kitanzania alimwuliza mama yake kwa nini wimbo wetu huku umetiwa mkia. Mama hakuwa na jibu la haraka, na sisi hatumlaumu. Kuhama ufunguo katika wimbo huo kuna maana ambayo kila mtu mzima anaijua: hapa anaingia mwingine, aliyekuwa adui, na mtasimama pamoja mpaka mwisho. Unaweza kuupenda uamuzi huo au kuukataa. Lakini hakuna anayehama bila kujua kwamba amehama.

Katika Nessun dorma tunahamishwa bila kujua. Na hapa ndipo ubishi wetu ulipoanzia.

Sikilizeni tena ile rekodi, msimsikilize Pavarotti. Baada ya yeye kuimba yale mahadhi matamu katika D meja, anatulia kidogo. Nyuma, kwa mbali, sauti za wanawake zinaingia, laini sana, kama upepo. Wengi wetu tulidhani ni mapambo. Wanawake wale ni wakazi wa Peking. Wanalalamika kwamba jina la mgeni hakuna atakayelijua, na kwamba wao, ole wao, itawabidi wafe. Na wanayaimba haya kwa mahadhi yale yale ya mgeni, katika ufunguo ule ule, kwa mwendo ule ule wa miguu. Yeye ametumia mahadhi hayo kusema siri yake ni salama. Wao wameyatumia kusema kwamba usalama wa siri hiyo ni mauti yao. Muziki haukubadilika hata nusu sauti. Mgeni anawasikia, au angeweza kuwasikia, na jibu lake ni kuuambia usiku uondoke na nyota zizame, kisha kutangaza ushindi.

Katika matamasha mengi wanawake hao hawapo kabisa. Okestra hucheza sehemu yao, tenori anapumua, watu wanasubiri noti ya juu. Na hiyo noti ya juu nayo ina habari yake. Ni B, na Puccini aliiandika fupi mno, ya kugusa na kupita, ili noti ya A inayofuata ndiyo irefushwe. Ni waimbaji walioikalia ile B, na ni sisi wasikilizaji tuliowalipa kwa makofi wazidi kuikalia. Tena aria yenyewe ndani ya opera haina mwisho wa kupigiwa makofi. Muziki unaendelea moja kwa moja, wanaingia wakubwa watatu wa ufalme kumsihi mgeni aondoke kabla watu hawajachinjwa. Mwisho ule wa fahari tunaousikia kwenye matamasha uliungwa baadaye. Kwa hiyo ushindi tunaoufurahia umerefushwa kwa mikono yetu, na wanaokufa kwa ajili yake wamefupishwa kwa mikono hiyo hiyo.

Mwenzetu mmoja, mtu wa Mombasa na mpenzi wa muziki kutushinda sote, alitujibu kwamba tunamwonea Mtaliano. Alisema mtu hali biriani huku akimwuliza mpishi kuku alichinjwa na nani. Ni hoja nzuri na ilituchekesha, lakini haijibu. Kwa nini, anapokwenda kwenye taarabu, yeye wa kwanza huuliza nani anaimbiwa? Hakuna Mswahili anayesikiliza taarabu kwa sikio la mahadhi tu. Mwanamke akiinuka na noti yake mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, ukumbi mzima unageuka kutazama ametunza kwenye ubeti gani na anamtazama nani. Tumefundishwa hivyo tangu utotoni: wimbo una mlengwa, na mwenye kutunza ameshiriki. Ajabu ni kwamba wimbo ukiwa wa Kitaliano tunajisamehe. Tunasema hatujui lugha. Lakini tafsiri iko ndani ya kijitabu cha ile ile CD, na wengi wetu hatujawahi kukifungua.

Kuna hoja nyingine iliyotupa taabu zaidi, na hiyo haikutoka kwa mtu mmoja. Ni kwamba sisi tunaupenda wimbo huu kwa sababu mwenye kuimba ni mgeni. Hapa Midrand, mji huu ulioko katikati ya Johannesburg na Pretoria, sisi ni watu wa kuja. Wengine tulifuata kazi za Bunge la Afrika, lililohamia hapa Gallagher Estate mwaka 2004 likiongozwa na Mama Gertrude Mongella wa kwetu Ukerewe. Wengine walikuja kwa biashara, kwa masomo, au kwa miguu kutoka Kivu. Ni nani kati yetu asiyejua maana ya kuulizwa jina usiku?

Mwezi Mei mwaka 2008 fujo za kuwafukuza wageni zilianzia Alexandra, umbali mfupi tu kutoka hapa kwa barabara, zikaenea. Watu 62 waliuawa. Katika mitaa mingine wageni walipimwa kwa lugha: walionyeshwa kiwiko cha mkono na kutakiwa kukitaja kwa Kizulu, indololwane, na ambaye hakulijua neno hilo, au alilitamka kigeni, alijulikana. Katika idadi ile ya waliokufa, 21 walikuwa Waafrika Kusini wenyewe. Na mambo hayo hayakuisha. Katika miaka ya karibuni kundi la Operation Dudula, lililoanzia Soweto mwaka 2021, limesimama hata kwenye milango ya zahanati kuuliza vitambulisho. Mtu aliyeyapitia hayo akimsikia Calaf akiimba kwamba jina lake hakuna atakayelijua na kwamba kutapambazuka yeye ni mshindi, mnataka asifurahi? Mwenzetu wa Bukavu alisema wimbo ule ni wake, na kwamba ameulipia tayari.

Tulinyamaza. Kisha yeye mwenyewe, bila kuombwa, akaendelea na habari yake, na habari hiyo ndiyo iliyotugeuza sisi tunaoandika. Usiku ule wa 2008 alikuwa amepanga chumba cha uani Alexandra. Mama mwenye nyumba, mwenyeji wa hapa hapa, alimfungia chumbani kwa siku nne na kumpitishia uji na mkate. Vijana walipobisha hodi aliwaambia uani hakuna mtu. Mama yule alilijua jina lake. Alijua anatoka Kongo, alijua yuko nyuma ya mlango upi, na alijua wanaouliza ni watoto wa mtaa wake ambao kesho angekutana nao dukani. Hakulitaja jina. Baadaye majirani walimsusa, na baada ya miezi akauza na kuhama. Mwenzetu alituambia kwamba alimtafuta mwaka 2010 asimpate, na hajui alikokwenda.

Basi, ndugu wasomaji, katika Turandot mtu wa namna hiyo yumo. Anaitwa Liù. Ni mjakazi. Amemwongoza baba yake Calaf, mzee Timur, mfalme aliyepinduliwa na sasa ni kipofu na mkimbizi, akimshika mkono nchi kwa nchi na kumwombea chakula. Mjini Peking ni yeye na Timur tu wanaolijua jina la mgeni. Askari wanawakamata wote wawili, na Liù anajitokeza kusema ni yeye peke yake anayejua, ili mzee aachwe. Anateswa hadharani. Calaf yuko pale pale, ameshikwa na askari. Anapaza sauti waache kumtesa. Jina hasemi. Liù naye anaona nguvu zinamwishia na ataropoka. Anachomoa kisu kwa askari na kujiua.

Wimbo wake wa mwisho uko katika E bapa maina, ufunguo ulio mbali na D meja kama kisima kilivyo mbali na paa. Katika rekodi ile ile ya 1972 anayeuimba ni Montserrat Caballé, bibi yule ambaye Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, alimpenda kupita kiasi na wakaja kuimba pamoja Barcelona mwaka 1987. Tunaujua wimbo mmoja wa rekodi hii kwa sababu ya mpira, na huu mwingine uliomo katika sahani hizo hizo karibu hakuna anayeujua. Hauwekwi harusini. Hauna ile noti ya kusimamishia vinyweleo. Wapo watakaosema hiyo ni haki yake, kwa kuwa ni wimbo wa msiba, na sisi hatudai uwekwe harusini. Tunachosema ni kwamba mwanamume aliimba siri iko moyoni mwake, na haikuwa kweli. Siri ilikuwa moyoni mwa mjakazi, na yeye ndiye aliyebeba gharama ya kuitunza.

Kuna jambo la kuumiza zaidi. Dakika chache baada ya Liù kufa kwa ajili ya jina, Calaf anambusu Turandot, kisha anamtajia jina lake mwenyewe, kwa hiari, kama mtu anayetoa zawadi. Jina lililouawa mtu ili lisisemwe linasemwa bure.

Hatutaki kumfanya Calaf shetani. Alikuwa na haki ya kumchukua binti baada ya vitendawili vitatu, akaiacha. Aliweka kichwa chake rehani kabla hajaweka cha mwingine. Na hakuitoa yeye ile amri ya kuua. Ni ya Turandot. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi haiulizi ni tembo gani aliyeanza. Hata hivyo njia ya kuikomesha amri ile ilikuwa mdomoni mwake, neno moja, na alikaa nayo mpaka ilipokuwa haina faida kwa mtu ila yeye.

Inaelekea Puccini mwenyewe alikwama hapa. Liù hayumo kwa Gozzi; Puccini na waandishi wake, Giuseppe Adami na Renato Simoni, ndio waliomtia. Na baada ya kumtia na kumwua, Puccini hakuweza kuimaliza opera. Alifariki Brussels tarehe 29 Novemba 1924, akiacha karatasi za vipande vipande. Franco Alfano alipewa kazi ya kuandika mwisho, naye akafanya ambalo msikilizaji wa matamasha angelitaka: kwaya nzima inaimba kwa nguvu mahadhi ya Nessun dorma katika D meja, jua limechomoza, mapenzi yameshinda. Lakini usiku wa kwanza, pale La Scala tarehe 25 Aprili 1926, Arturo Toscanini alisimamisha okestra baada ya kifo cha Liù, mahali ambapo kalamu ya marehemu ilikomea, na watu wakaenda nyumbani na maiti ya mjakazi akilini. Mwaka 2002 Mtaliano mwingine, Luciano Berio, alitoa mwisho wake yeye, na wa kwake unaishia kwa sauti ya chini, bila fahari. Kumbe si sisi wa Midrand tu tuliokosa raha.

Mtatuuliza kama sasa tumeacha kuusikiliza. Hatujaacha. Mwenzetu wa Mombasa bado anaugulia pale kwenye B ya juu, na sisi pia. Ila tumebadilisha mahali pa kuanzia. Kwenye baraza yetu tunaweka sahani ya pili yote, tangu mbiu inapopigwa usiku, na wanawake wanapoingia mwenzetu wa Bukavu huinua kidole watu wanyamaze. Mara ya mwisho mmoja wetu alitaka tuzime baada ya Liù, kama Toscanini. Mwingine akasema tungoje kidogo, kuna dakika chache zimebaki ambazo ni za Puccini bado.

Katika dakika hizo maiti inainuliwa na kupelekwa, na umati unatembea nyuma yake ukiomba msamaha. Timur, ambaye haoni, amepapasa mpaka akaupata mkono wa Liù, ule ule uliokuwa ukimwongoza, na anakwenda ameushika. Baada ya hapo opera haimtaji tena.